Mwalimu wa Vichwa vya Udongo

Wateja wakiingia saluni kwangu mara ya kwanza, macho huwatoka. Pale rafuni, kati ya mafuta ya nazi na makopo ya dawa ya nywele, yupo mzee wa udongo amevaa wigi ya kahawia. Paji lake limelala, nyusi zimejitokeza, na kinywani hana jino hata moja. "Kadzo, toba! Hiki ni nini?" Huwajibu kwamba huyo ni mgeni wangu, na wigi imemkaa vizuri kushinda wengi wenu. Wakicheka, tunaendelea kusuka. Wasipocheka, nawaeleza kwamba mwenye kichwa hiki ni Mwalimu wangu wa biolojia, sasa yuko makao ya wazee, na anataka kitu kimoja tu: kurudi kwake Ganda, alale kitandani kwake, na siku yake ikifika azikwe kando ya mkewe. Mtu mzima kuomba kitu kidogo hivyo, na bado anyimwe!

Sitakueleza alizaliwa wapi wala babake nani. Ukimuuliza mwenyewe, "Mwalimu, ninyi ni wa mlango gani?" alikuwa akijibu bila kutabasamu, "Sisi? Tulianza samaki," kisha anaendelea kung'arisha viatu. Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa ugonjwa wake. Barabara ya Ganda ina vumbi la kumzika mtu, lakini Mwalimu alifika shuleni viatu vinang'aa, kwa sababu alitembea na kitambaa mfukoni na kuvifuta mlangoni pa darasa. Tulimngoja amalize. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka ageuke.

Shule yetu haikuwa na kitu. Maabara ilikuwa na darubini moja yenye kioo kilichopasuka na nyoka ndani ya chupa, basi. Somo la mageuko ya binadamu lilipofika, walimu wengine walisoma kitabu haraka haraka na kupita, maana walijua nyumbani kwetu kuna wachungaji, kuna mashehe, na hakuna anayetaka kuitwa ofisini. Yeye hakupita. Alikwenda kwa akina mama wanaofinyanga vyungu, akaketi nao chini na suruali yake ya kazi, akajifunza kukanda udongo. Walimcheka mpaka wakachoka. Akatazama picha za kitabuni, akafinyanga mafuvu ya watu wa kale mmoja mmoja, akayachoma pamoja na vyungu vyao. Baadhi yalipasuka motoni. "Hawa wamekufa mara ya pili," akatuambia, na alisikitika kweli.

Kila somo lilianza namna moja. Anafungua kabati, anavitoa vichwa, anavipanga mezani kuanzia wa kale kabisa mpaka wa kwetu, anarudi nyuma kidogo, anainamisha kichwa. "Shikamooni, wazee."

Sisi tukaangua kicheko.

"Mnacheka nini? Hamkufundishwa kusalimia wakubwa? Hawa wamewapita umri kidogo."

Basi darasa zima, Waislamu kwa Wakristo, tukaitikia kwa sauti moja, "Shikamooni, wazee!" mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta. Ilikuwa mzaha. Nataka ulikumbuke hilo, ilikuwa mzaha wa mwalimu na wanafunzi wake.

Kulikuwa na msichana kutoka Mambrui, mpole, hodari kutushinda sote. Siku moja akasimama na kusema, "Mwalimu, samahani, sisi nyumbani tumefundishwa kwamba hatukutoka kwa nyani." Mwalimu akasema, "Na mimi sijasema mmetoka kwa nyani, mnyama mwenzangu. Nyani ni binamu. Binamu hakukuzaa. Lakini mkikaa pamoja harusini, watu wataona pua." Hata yule msichana alicheka. Kisha akamwambia taratibu, "Ulilofundishwa nyumbani ni la nyumbani, silitii mkono. Mimi naonyesha mifupa. Ukikua, utapima mwenyewe."

"Mnyama mwenzangu" ndilo lililokuwa tusi lake na ndilo lililokuwa pongezi yake. Ukichelewa, "Mnyama mwenzangu, hiyo miguu miwili tumepewa ya nini?" Ukifaulu, "Mnyama mwenzangu, ubongo umeanza kujaa." Alitupeleka Marafa, kule kwenye korongo, watalii wanapopiga picha, akatuteremsha mpaka chini na kutuonyesha kuta za udongo, mwekundu, mweupe, wa waridi, tabaka juu ya tabaka. "Hizi ni chapati," akasema. "Ya chini ndiyo iliyopikwa kwanza. Na sisi na magari yetu na makelele yetu ni samli iliyopakwa juu ya ile ya mwisho." Jua lilituchoma, tukarudi shingo zimebabuka, na mpaka leo nikipanga chapati huwaza ile ya chini.

Mwili wako hakukuachia ukae nao kwa raha. Ukilalamika mgongo, alikueleza kwamba babu zetu waliinuka na kutembea wima kabla mgongo haujawa tayari, na bili tunailipa sisi. Aliwaambia wasichana wazi kabisa kwamba kwa kusimama wima nyonga zilibanana, na kwa akili kuongezeka vichwa vya watoto vikawa vikubwa, kwa hiyo kuzaa kwetu ni kwa shida kuliko kwa mnyama yeyote. Tulijifunika nyuso kwa aibu. Miaka baadaye, leba, nilimlaani Mwalimu, nikawalaani na wazee wake wa udongo wote, kwa majina. Muuguzi alidhani nimepagawa.

Lakini mzee aliyempenda kushinda wote ni huyu asiye na meno. Alimtoa mwisho, akampitisha mkono kwa mkono. "Mguseni taya. Pamejiziba, sivyo? Mfupa haujizibi kwa siku moja. Maana yake mtu kama huyu aling'oka meno, akaendelea kuishi muda mrefu. Hakukuwa na uji wa unga laini, hakukuwa na kinu. Kulikuwa na nyama mbichi na mizizi migumu. Sasa niambieni, aliishi vipi?"

Tukaendelea kumpapasa taya.

"Kuna mtu alimtafunia," akasema. "Kuna mtu alikaa chini, akatafuna, akampa. Alikuwa hawezi kuwinda, hawezi kubeba, hana faida, na bado akatafuniwa. Watu hukuuliza binadamu alianza lini. Wengine husema alipochonga jiwe, wengine alipowasha moto. Mimi nasema ni siku ile."

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaona hayo ni maneno tu ya mtihani.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa bahili wa sifa na mwepesi wa hasira, na alikuwa amejaa mikinzano mitupu. Alifundisha wanyama wote, ila kinyonga akimwona mtini alizunguka njia nyingine, mtu mzima na viatu vyake vinavyong'aa, akijifanya amesahau kitu. Jumapili aliimba sauti ya nne kanisani, na akitoka huko alimwaga tone la mnazi chini kwa ajili ya koma, mzimu wa babake. Mchungaji alimuuliza atatumikia wangapi. Akajibu kwamba Mungu hana haraka, wenye haraka ni wachungaji. Na jambo moja lilimponza kuliko yote: hakujua kulia mbele za watu. Mkewe alipofariki alikaa wima kwenye kiti, akawapa mkono waombolezaji mmoja mmoja, macho makavu. Watu wakatazamana. Kwetu mtu asiyelia matangani huangaliwa vibaya.

Baada ya kustaafu alikuja saluni kwangu kila alipofika mjini, asitengenezwe chochote, akae tu pembeni na gazeti. Kazi yangu nyingine, nikwambie ukweli, ni wazee. Wanatoka Ganda, wanatoka Marafa na huko ndani zaidi, wamevaa kofia mpaka masikioni. Wanaangalia nyuma, wanaingia, wanavua kofia, kichwa cheupe. "Nipake piko, mwanangu. Na nyusi pia usisahau." Kwa sababu huko ndani siku hizi mzee mwenye mvi, mwenye shamba na watoto wa ndugu wenye njaa ya shamba, anaweza kuamka ameitwa mutsai. Mchawi. Na akishaitwa hivyo, panga haliko mbali. Sikuwahi kumcheka hata mmoja wao. Nawapaka kimya kimya, wanajitazama kiooni, na kuna wengine machozi huwatoka.

Mwalimu alikuwa akishusha gazeti. "Mzee mwenzangu, unamficha nani?"

"Wanangu," mzee mmoja akamjibu.

Mwalimu akafunga gazeti akatoka nje. Yeye hakupaka. Mvi zake zilikuwa pamba tupu na alizichana kwa madaha. Nilimwambia, "Mwalimu, na wewe njoo." Akasema, "Mimi nimewafundisha wote wale, Kadzo. Nusu ya Ganda imenisalimia wale wazee. Nani aniogope?" Shule ilikuwa imenunua vielelezo vya plastiki, ikampa vichwa vyake akaenda navyo nyumbani, akavipanga sebuleni chini ya picha ya arusi yake. Na kila asubuhi, kwa mazoea, pazia likivutwa alisema, "Shikamooni, wazee."

Ndipo mtoto akafa. Alikuwa binti wa kijana wa kakake, nyumba ya pili, kisichana cha miaka michache aliyeingia na kutoka kwa Mwalimu apendavyo. Alikuwa akiwavika wale wazee maua ya mkilua na kuwapa majina ya kuku. Akashikwa na homa. Mwalimu akawaambia mpelekeni hospitali sasa hivi. Wakaenda kwanza kwa mganga, hospitali baadaye, na baadaye ilikuwa baadaye mno. Matangani, watu wamekaa chini wanalia, Mwalimu akasimama na kueleza habari za mbu. Haki ya Mungu! Alifundisha kwenye matanga. Macho makavu, kidole hewani, mbu jike na maji yaliyotuama, na mama wa mtoto amelala pale chini. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Mimi namjua, najua ndivyo alivyokuwa analia. Lakini nani mwingine alijua?

Mganga akasema ndani ya nyumba ya jirani kuna vichwa visivyolala. Mtu akapita dirishani asubuhi na simu, akamnasa Mwalimu, mvi nyeupe, ameinama mbele ya mafuvu, "Shikamooni, wazee." Video ikazunguka kwenye simu za watu kama moto wa makuti. Watu wale wale walioitikia salamu ile darasani wakatetemeka. Kwetu marehemu tunawachongea nguzo ya mti, tunaisimika nje, tunaiheshimu. Kichwa cha mtu hakikai sebuleni. Anayeweka vichwa ndani kuna wenye vichwa hivyo anawanyonya. Ndivyo walivyoona, na ukishaona hivyo huwezi tena kuona udongo.

Siku walipomvamia nilikuwa nimekwenda kwetu Ganda. Nilikuta watu uani kwake, kelele, mawe tayari mikononi, na chifu na askari wanamtoa Mwalimu kumwingiza garini. Alikuwa amemkumbatia huyu asiye na meno kama mtu anayeokoa mtoto kwenye moto. Akaniona, akanipa kupitia dirisha la gari. "Kadzo, mtunze huyu." Nikamfunga ndani ya leso, nikaondoka naye. Vingine vikabaki vimefungiwa ndani.

Makao yale alikopelekwa yana ua mzuri na mboga zimepandwa. Yamejaa wazee kama yeye. Wanalishwa, wanaogeshwa, na lango limefungwa kwa usalama wao. Ndilo linaloniua mimi, hilo la usalama wao. Hakuna kosa, hakuna kesi, hakuna kifungo cha kusema kitaisha mwaka fulani. Ukitoka unauawa, ukikaa unaoza. Mwalimu alitembea kando ya ukuta kutoka pembe mpaka pembe, viatu vinang'aa, hakuna vumbi la kuvichafua. "Nimekuwa yule nyoka wa kwenye chupa," aliniambia mara moja, na hakurudia tena.

Halafu chifu akasema kuna njia. Kijana wa kakake amekubali kikao. Mwalimu aje avunje vile vichwa mbele ya wote, vyote, kwa mkono wake, na atarudishwa nyumbani kwake bila kuguswa. Mwalimu akanipigia simu. Sauti ilikuwa ndogo. "Njoo na piko."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaenda. Akakaa kwenye kiti uani, taulo shingoni, akafumba macho. Mimi ninayepaka wazee kila wiki, mkono wangu siku hiyo ulikuwa mzito. "Na nyusi," akasema. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, na sikujua nimkasirikie nani.

Kikao kilikuwa kwenye baraza ya ofisi ya chifu, asubuhi, viti vya plastiki. Mwalimu akashuka garini na kichwa cheusi tititi. Pakazuka mnong'ono. Mama wa marehemu, mtoto wa watu, amekonda, akanyoosha kidole. "Mnaona? Amepaka piko. Mwenye moyo safi anajificha nini?" Nikanywea. Kumbe hakuna rangi ya nywele itakayomtoa humu. Akiwa mweupe ni mutsai, akiwa mweusi ni mutsai anayejificha.

Kijana wa kakake akasimama. Kwetu mtoto wa ndugu ni mwana, basi humwita Baba. "Baba, mimi sikuchukii," akasema. "Lakini mwanangu alicheza na vile vichwa. Kwa nini yeye? Kwa nini si wa jirani? Nipe kitu nilale."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza Mwalimu kusikia swali ambalo jibu lake halikuwa mbu. Akauchukua mchi aliowekewa. Wakamwaga gunia, vichwa vikagongana. Akavivunja. Alianza na wa kale kabisa, kwa utaratibu ule ule wa darasani, na kila alipoinua mchi midomo yake ilisogea. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alikuwa akisema shikamoo.

"Kuna mmoja hana meno," mama wa marehemu akasema. "Hayupo hapo. Mwanangu alimwita Temba."

Chifu alikuwa ameniambia nije naye. Nikafungua leso nikamweka mbele ya Mwalimu, na moyo wangu ulisema vunja, Mwalimu, vunja twende nyumbani. Paa la nyumba yake lilionekana kutoka pale tulipokaa. Akainua mchi. Akapitisha kidole gumba kwenye taya lile lililojiziba. Akauweka mchi chini.

"Huyu sitamvunja."

"Baba, ni udongo tu, umesema mwenyewe!"

"Ni udongo. Lakini huyu alikuwa hawezi kitu, akatafuniwa. Watu wasiokuwa na nguo, wasiokuwa na kanisa wala msikiti wala chifu, walimtafunia. Nikimvunja huyu, mwanangu, nitakuwa nimekubali kwamba mzee ni wa kuvunjwa. Na nikirudi hapo nyumbani nitakuwa narudi kwa nani?" Kisha akamgeukia mama wa mtoto, na ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya watu wote, yakachuruzika na piko ya nyusi mpaka mashavuni. "Alinifungulia pazia kila asubuhi, yule mtoto. Sijui kulia, mama. Nisamehe." Yule mama akajifunika uso kwa leso. Kijana wa kakake akatazama chini. Hakuna aliyerusha jiwe, na hakuna aliyesema njoo. Chifu akangoja, akangoja, kisha akamfungulia mlango wa gari.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilimkuta ndani ya ukumbi wa kulia, mvi zimechungulia chini ya piko, nikampa vidonge vyake hata kabla ya kumwamkia. "Nyumba yako, Mwalimu! Kaburi la mkeo! Umeliona paa kwa macho yako, ukaliacha kwa ajili ya udongo! Sasa utafia humu ndani, na mimi nitakuja kukuzika na watu nisiowajua!" Nikalia kwa sauti, sikujali nani ananitazama.

Mbele yake palikuwa na sahani ya muhogo wa nazi na samaki, na kando yake ameketi mzee kipofu kutoka Marafa, aliyefukuzwa na wanawe. Mwalimu alikuwa anatoa miba kwa vidole, anaponda samaki na muhogo kwa mgongo wa kijiko mpaka vinalainika, anampelekea mdomoni. Kijiko kilimwagika njiani, akakijaza tena.

"Mwalimu," yule kipofu akauliza, "ni nani huyu anayetupigia kelele?"

"Mwanafunzi wangu."

"Alifaulu?"

"Bado."

"Mwambie akae basi, tunakula." Akafungua kinywa, akangoja.

Kijiko kikamwagika tena. Nikajifuta uso kwa leso, nikavuta kiti, nikakichukua kijiko mkononi mwa Mwalimu.

"Taratibu," akaniambia. "Hana meno huyo."